Vasco da Gama na Waandishi wa Tarikhi

Katika maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mjini Nairobi mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, kijana wa mitaa ya Eastlands aweza leo kufungua vitabu viwili vya tarikhi na kuona kwamba safari ya baharia Mreno Vasco da Gama ya mwaka 1498 husimuliwa kwa namna mbili zisizopatana.

Vitabu vya kale, kwa mtindo ule ule wa kumsifu Columbus kwa kufika Amerika mwaka 1492, humwonyesha Mreno huyu kuwa shujaa aliyefanyiwa hiana Mombasa, ambako watu waliogelea usiku wa manane ili wakate kamba za nanga zake, kisha akakirimiwa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hayo hayakubuniwa, kwani yamo katika shajara ya mmoja wa waliosafiri naye. Ila shajara hiyo hiyo yaeleza, bila ya haya, kwamba usiku huo, kabla ya waogeleaji kutokea, mateka wawili waliokuwamo merikebuni walidondoshewa mafuta yachemkayo mwilini, hata wakakiri kwamba Mombasa ilikusudia kulipiza kisasi cha mji wa Msumbiji, ambao Wareno walikwisha kuupiga mizinga. Na mmoja wao akajitosa baharini mikono ikiwa imefungwa.

Waandishi wa baada ya uhuru waliyaokota yale yaliyoachwa, wakabainisha pia kwamba ukarimu wa Malindi haukuwa wa bure, kwa sababu mfalme wake alikuwa na adawa na Mombasa na alihitaji sahibu mwenye mizinga. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteka Mombasa akaiteketeza. Hata hivyo, baadhi yao nao hurudia kwamba rubani yule alikuwa baharia Mwarabu Ahmad ibn Majid, ilhali shajara haimtaji, na wanavyuoni wengi wa sasa hawakubali.

Basi msomaji asitosheke kuuliza ni kitabu kipi kisemacho kweli, bali atazame pia kila kimoja kimeanzia wapi: anayeanza kusimulia Mombasa ataona hiana, na anayeanza Msumbiji ataona mji uliojihami.