Betri ya Laptopu Inayokaa Bila Kazi



Vikundi kadhaa tunavyotembelea hapa Myanga na kuelekea Kitale siku hizi vina laptopu ya kuwekea hesabu za hisa na mikopo. Desemba, wakati wa kugawana, inafanya kazi usiku na mchana. Baadaye inafungiwa kabatini mpaka mavuno yapite. Ikitolewa, haiwaki. Fundi anasema ni betri, na pesa za kununua nyingine zinatoka kwa mfuko wa wanachama.

Shida inaanzia kwa mazoea. Tumezoea betri za asidi, zile za gari na za sola. Hizo huwekwa zikiwa zimejaa, kwa sababu zikikaa bila moto, risasi iliyo ndani hushika ukoko mgumu na betri hairudi tena. Basi mweka hazina naye anajaza laptopu hadi 100 ndipo afunge kabati. Lakini betri ya laptopu ni ya lithiamu, na tabia yake ni nyingine. Ikijaa kabisa na kukaa kwa joto, inazeeka haraka. Katika joto la digrii 25, iliyojaa hupoteza karibu asilimia 20 ya uwezo wake kwa mwaka, lakini iliyowekwa na chaji ya asilimia 40 hupoteza kama 4 tu. Joto likiwa digrii 40, hasara ni kama 35 kwa ile iliyojaa na 15 kwa hiyo nyingine. Sasa fikirieni ofisi ya mabati isiyo na dari mwezi wa Februari!

Je, tuiache iishe kabisa? Hapana. Betri hupungua kidogo kidogo hata mashine ikiwa imezimwa. Ikishuka kupita kiasi, kifaa cha ulinzi kilicho ndani yake huifunga, na hata mkichomeka chaja inakataa. Shule zilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Muda kama huo unatosha kabisa kuua betri ya kishikwambi kilichowekwa tupu.

Kwa hivyo, kabla ya kuifungia, hakikisheni chaji iko kati ya 40 na 60. Zimeni mashine kabisa. Kufunga kifuniko peke yake hakutoshi, kwa maana inalala tu huku ikiendelea kunywa moto. Chomoeni chaja. Iwekeni pakavu penye baridi, mbali na jiko na ukuta wa mabati. Nyumba ya nyasi ya nyanya inaweza kuwa bora kuliko ofisi yenu. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, mtu mmoja aiwashe, atazame chaji na kuirudisha nusu, kisha aandike jina na tarehe kwenye kitabu cha mikutano. Tusiposema ni nani, hakuna atakayekumbuka. Hesabu zenyewe ziwe pia kwenye flashi na kwenye daftari.

Mkiona tumbo la laptopu limefura, msiichaji tena. Msitoboe betri wala kuitupa motoni au chooni. Itoeni nje ya nyumba, mbali na watoto, na mwiteni fundi anayezijua.