Goma: Chukudu, umbo lake lina sababu

Kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, pale Mugunga, chukudu zinapita kila siku na makala, viazi na mbao. Hakuna mbili zinazofanana kabisa, kwani kila moja huchongwa kwa mkono.

Lakini umbo lake si la kubahatisha. Ubao wa katikati ni mrefu, karibu mita 2, ili magunia yalale vizuri. Ukiwa mfupi, mzigo unaelemea nyuma na usukani unakosa nguvu. Usukani wenyewe umesimama juu, ili mwenye kusukuma asiiname. Magurudumu ya mbao, yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, ni madogo: mzigo unakaa chini, na chukudu haipinduki upesi kwenye mawe ya volkano. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu.

Chukudu nzuri hubeba kilo mia kadhaa. Vipimo vikikosewa, kwenye mteremko anaumia mwenye kuiendesha, na nyumbani watoto wanalala njaa. Kabla ya kulipa, afadhali kuitelemsha kwanza na kujaribu breki.