Toleo Jipya Limetoka, Tulia Kwanza

Ukitaka programu kwenye kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Debian, unaandika amri moja na programu inakuja ikiwa tayari kwa kazi. Nyuma ya amri hiyo tupo sisi watunza vifurushi, wengi wetu wa kujitolea. Programu si zetu: tunachukua msimbo kwa wenyewe, tunaukagua, kisha tunaufunga upatane na maelfu ya vifurushi vingine.

Kujua kwamba wenyewe wametoa toleo jipya si kazi. Kila kifurushi changu kina faili dogo liitwalo watch, lenye anwani ya kupakulia na mtindo wa namba za matoleo. Programu ya uscan hulisoma, huchungulia anwani hiyo, na kuniambia kama nimeachwa nyuma. Namba zenyewe zina vituko vyake. 1.10 ni mpya kuliko 1.9, hata kama mwalimu wa hesabu atabisha. Toleo la majaribio, 2.0rc1, naliandika 2.0~rc1; bila hicho kiwimbi, Debian italiona jipya kuliko 2.0 kamili.

Kazi huanzia hapo. Nalinganisha msimbo wa zamani na mpya: leseni imebadilika? Kuna faili lisilojulikana lilikotoka? Programu zinazoitegemea hii bado zinajengeka?

Machi 2024 ilituonyesha sababu ya ukaguzi huo. XZ Utils ni programu ya kubana data; matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 yalitolewa na mtu mwenye idhini ndani ya mradi, nayo yalikuwa na mlango wa siri. Kipande cha kuuamsha kilikuwa kwenye faili la kupakua tu. Katika hifadhi ya msimbo hakikuwamo. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, ikichelewa kama nusu sekunde. Matoleo hayo yalikwisha kuingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian, ila tawi thabiti lilisalimika. Kwa kuwa namba hairudi nyuma, toleo la zamani lilirudishwa kwa jina 5.6.1+really5.4.5.

Kwa hiyo ukiona namba ya zamani kwenye tawi thabiti, usidhani tumelala. Tundu la usalama likigunduliwa, kwa kawaida tunachukua kiraka chake pekee na kukitia kwenye toleo ulilo nalo. Uliza kama kiraka kimefika, kabla ya kuuliza namba.