Ukumbi mzima kwa kitufe kimoja

Mimi ni fundi umeme Dar es Salaam. Sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote huanza waya zikishavutwa na kila taa inawaka. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Kwangu mimi, ukumbi ambao taa zake huwaka zote na kuzimika zote bado haujakamilika.

Ukumbi huo huo asubuhi una semina, jioni una sendoff, Jumamosi una harusi. Wanasemina wanataka mwanga wa kuandikia mezani, lakini mbele ya skrini ya projekta pawe na giza. Maharusi wakiingia, njia ya katikati ndiyo ing'ae, wageni wabaki kwenye mwanga hafifu. Chakula kikifika, watu waone wanachopakua. Ukimwachia mhudumu swichi kumi na mbili ukutani, atazipapasa moja moja huku mshereheshaji akisubiri.

Dawa yake ni sini: mpangilio wa taa uliohifadhiwa mapema, unaoitwa kwa kitufe kimoja. Katika DALI, mfumo wa kidijitali wa kuongoza taa, laini moja hubeba hadi dreva 64 (vifaa vinavyozipa taa umeme), kila moja na anwani yake, na huruhusu makundi 16 na sini 16. Viwango vya mwanga hukaa ndani ya dreva zenyewe. Ukibonyeza kitufe cha chakula, paneli ya vitufe hutangaza namba ya sini tu, na kila taa inajua ipunguze au iongeze kiasi gani.

Kabla ya kufungua kompyuta, nakaa na msimamizi wa ukumbi. Namuuliza: humu mnafanya nini, kipi hutangulia, na nani atakayebonyeza? Kisha nawasha taa moja moja na kuandika kwenye mchoro wa dari anwani ya kila taa. Baada ya hapo ndipo nagawa makundi: jukwaa, njia ya maharusi, meza za wageni, bafe, mlangoni.

Viwango navipanga usiku, saa ambazo sherehe hufanyika, wala sifuati asilimia peke yake. Taa iliyopunguzwa hadi robo ya mwanga wake, jicho huiona kama imebaki nusu. Kwa hiyo nakwenda kukaa kiti cha mgeni wa nyuma kabisa, halafu namwomba mtu akae meza kuu. Mwanga ukimshukia kutoka juu tu, macho yake yanaingia kivulini na picha zinaharibika. Naongeza taa za mbele hadi uso uonekane vizuri. Maharusi wanapoingia, naipa sini sekunde 4 za kubadilika, ili mwanga ushuke taratibu bila kumshtua mtu.

Kuna jambo ambalo nchini kwetu halifai kusahauliwa: umeme kukatika. Kwa kawaida dreva ya DALI hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kuwaka kwa nguvu zote umeme unaporudi. Jenereta likishika katikati ya nasaha za wazazi, ukumbi mzima unawaka ghafla. Lakini dreva hiyo hiyo inaweza kuamriwa irudi kwenye kiwango ilichokuwa nacho, nami huiamuru hivyo. Taa za dharura na za njia ya kutokea siziingizi kwenye sini yoyote. Usalama hauwekwi chini ya kitufe cha sherehe.

Vitufe navyo navipa majina ya shughuli: Semina, Maharusi, Chakula, Muziki, Usafi. Mhudumu aliyeajiriwa jana avielewe bila kunipigia simu.

Wenye kumbi, nawaomba jambo moja. Kabla ya kumlipa fundi salio lake, mdaini faili la programu, neno la siri na mchoro wenye anwani. Dreva ikiungua na kuwekwa mpya, hiyo mpya haijui anwani yake wala sini zake. Bila kumbukumbu hizo mtalipia upya kazi mliyokwisha kuilipia. Kisha mfanyakazi wenu abadilishe sini moja kwa mkono wake, fundi akiwa bado amesimama pembeni.