Kununua Tawi la Shule ya Lugha Ughaibuni: Mambo ya Kupima Kabla ya Mkopo

Katika robo hii ya mwaka tumepokea maswali kutoka kamati za parokia kuhusu jambo ambalo zamani halikufika katika vikao vyetu. Kijana aliyekwenda Japani kufundisha Kiingereza anaandika nyumbani kwamba amepata nafasi ya kununua tawi la shule yenye jina kubwa. Familia inaomba mkopo, au inataka kuweka shamba rehani. Kwa kuwa fedha zinazoombwa ni akiba za wanaparokia na, kwa sehemu, michango ya wafadhili wetu, tumeona ni vyema kueleza biashara hiyo inavyokwenda.

Utaratibu huo huitwa franchaizi. Mwalimu hanunui shule. Ananunua haki ya kutumia jina, vitabu na mbinu za kufundishia za kampuni kwa miaka iliyotajwa katika mkataba. Hulipa ada ya kuingilia, kisha kila mwezi hulipa mrabaha, na mara nyingi mchango wa matangazo. Mrabaha kwa kawaida hukatwa katika karo iliyokusanywa, si katika faida. Kwa hiyo mwenye jina hulipwa hata mwezi ambao mwenye tawi amekula hasara.

Jina lina thamani yake, hatukatai. Berlitz ilianzia Marekani mwaka 1878 na jina lake bado linavuta wanafunzi. Kumon, iliyoanzishwa Japani mwaka 1958, ilienea kwa kutumia walimu wanaojitegemea, wengi wao akina mama waliofungua darasa karibu na nyumbani. Mzazi asiyemfahamu mwalimu mgeni huamini ubao ulio mlangoni. Aidha, mwalimu hupata vitabu vilivyokwisha kupangwa, jambo linalompunguzia usiku mwingi wa kuandaa masomo.

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo si ya kampuni yoyote. Tuseme tawi lina watoto 60 na kila mmoja hulipa yeni 8,000 kwa mwezi. Makusanyo ni yeni 480,000. Mrabaha wa asilimia 10 ni 48,000, matangazo asilimia 3 ni 14,400, pango 120,000, umeme na simu 30,000, mtu wa mapokezi anayejua Kijapani 100,000, na vitabu 30,000. Kinachobaki ni yeni 137,600, kabla ya kodi na bima. Mwalimu wa kuajiriwa katika shule kama hizo amezoea kupata kiasi cha yeni 250,000. Kwa gharama hizo hizo, mwenye tawi anahitaji watoto karibu 80 ili afikie mshahara aliouacha, na hapo hajaanza kurejesha mkopo. Kamati nyingi huulizia ada ya kuingilia tu. Swali zito zaidi ni: tawi lina watoto wangapi leo, na lilikuwa na wangapi miaka mitatu iliyopita? Tunasema hivyo kwa sababu watoto wenyewe wanapungua. Mwaka 2005 Japani ilipata watoto wachanga zaidi ya milioni moja. Mwaka 2024 hawakufika 700,000.

Kuna pia hatari ya jina lenyewe kuanguka. NOVA ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini humo. Ilikusanya karo za muda mrefu mbele, kisha ikazitumia kupanua matawi. Aprili 2007 Mahakama Kuu ya Japani iliamua kwamba hesabu yake ya kurudisha karo ilimpunja mwanafunzi, na Juni mwaka huo serikali ikaizuia kwa miezi sita kufunga mikataba mipya ya muda mrefu. Fedha mpya zilipokatika, mishahara ikachelewa. Tarehe 26 Oktoba 2007 kampuni ilikimbilia ulinzi wa mahakama, ikiacha walimu wa kigeni wapatao 4,000. Baadhi yao walitishiwa kufukuzwa katika nyumba zao, kwa sababu kampuni ilikata pango katika mishahara bila kumfikishia mwenye nyumba. Miaka miwili na nusu baadaye, Aprili 2010, kampuni ya GEOS nayo ilifilisika. Hispania ilikwisha kuonja hayo mwaka 2002 shule za Opening zilipofungwa, na wanafunzi wakabaki na mikopo ya benki kwa masomo wasiyoyapata.

Walimu wa NOVA walikuwa waajiriwa. Mwenye tawi yuko pabaya zaidi, kwani mzazi aliyelipa mbele atagonga mlango wake yeye. Karo ya miezi ijayo ni deni. Sheria ya Japani humruhusu mwanafunzi wa mkataba unaozidi miezi miwili na yeni 50,000 kuuvunja katikati na kurudishiwa salio, kasoro makato yenye kikomo. Mwalimu anayelipa mkopo wa parokia kwa karo hiyo anajenga juu ya mchanga.

Jambo la tatu ni kibali cha kuishi. Kibali cha kufundisha si kibali cha kuendesha biashara. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kile cha biashara alitakiwa kuwa na mtaji wa yeni milioni 5 au wafanyakazi wawili wa kudumu. Tangu Oktoba 2025 mtaji umepandishwa hadi yeni milioni 30, pamoja na mfanyakazi angalau mmoja wa kudumu na masharti ya elimu au uzoefu. Aliyeoa au kuolewa na Mjapani, na mwenye ukaazi wa kudumu, hahitaji kibali hicho. Kwa wengine wengi mlango umebana sana, na wakala anayesema vinginevyo aombwe aonyeshe maandishi.

Marekani muuza franchaizi anabanwa kumpa mnunuzi maelezo kamili siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa. Japani sheria inayodai maelezo ya namna hiyo inahusu maduka ya rejareja na vyakula, si shule. Mwalimu itabidi aulize mwenyewe: mkataba ni wa miaka mingapi, kampuni yaweza kuweka tawi jingine mtaa wa pili, na akitoka atakatazwa kufundisha hapo kwa muda gani? Kifungu hiki cha mwisho ndicho humfunga mtu, maana kazi yake ni hiyo moja.

Kamati iliyopokea ombi la aina hii iambatanishe nakala ya mkataba iliyotafsiriwa, nakala ya kibali cha kuishi, na hesabu za tawi za miaka mitatu, ikionyesha peke yake karo iliyolipwa mbele. Shamba la familia lisipokewe kuwa dhamana kabla mama na ndugu wote wanaolitegemea hawajasikilizwa kikaoni.