Mkono Unasema Maumivu

Mama, kwenye kliniki tunakuuliza: "Mtoto anaumwa kidogo ao sana?" Nawe unajibu: "Analia tu, sijue." Basi tumia mkono. Ngumi: hakuna maumivu. Kidole 1: maumivu kidogo. Vidole 5: maumivu makali kupita yote. Mtoto wa miaka 6 anaweza kujifunza; umfundishe siku ya uzima, si usiku wa kilio. Yule mdogo, tazama uso na miguu yake. Anayenyamaza bila kutaka kuguswa, huyo pia anaumwa. Hata sisi waganga tunakosea hapo.

Kwa mtoto wa SS mkono huu una kazi kubwa, kwa sababu damu yake inaziba mishipa midogo na mifupa inauma. Mpe maji mengi, umfunike asisikie baridi, mpe parasetamoli kwa kipimo ulichoandikiwa. Saa 1 ikipita, uliza tena vidole. Hujui kuandika? Chora mistari kwa makaa. Vilikuwa 4, na bado ni 4? Ao kuna homa, ao anapumua mbio? Usingoje asubuhi. Hata ukiwa Lubunga, usingoje kuvuka mto: anza na kituo cha afya cha karibu, uwaonyeshe ile mistari.