Memori ya kompyuta: ijue mashine kabla ya kuvuka mpaka

Kompyuta mpakato zilizotumika huuzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, na nyingi huvuka mpaka mikononi mwa wafanyabiashara wadogo. Mashine yenye memori ya GB 4 huwa nzito mara tu mwenyewe anapofungua hesabu za duka, WhatsApp na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja. Memori ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kuifikisha GB 8 huweza kuipa mashine ya zamani uhai mpya, na mwenye kuiuza humwongezea faida.

Hasara huanzia kwenye kununua kwa kubahatisha. Duka likiwa mtaa wa pili, kipande kisichofaa hurudishwa jioni hiyohiyo. Likiwa nchi jirani, nauli ya kukirudisha huweza kumeza faida yote.

Jambo la kwanza ni aina. Kipande cha DDR3 cha kompyuta mpakato kina pini 204. Cha DDR4 kina pini 260, na pengo lake liko mahali pengine, hivyo hakiingii hata kikilazimishwa. Kinachowaponza wengi ni DDR3 na DDR3L. Kwa macho vinafanana, lakini cha kwanza hutumia volti 1.5 na cha pili volti 1.35. Mashine iliyotengenezwa kwa DDR3L pekee huweza kukataa kuwaka ikipewa DDR3.

Majina nayo hudanganya. HP EliteBook 840 G2 hutumia DDR3L, ilhali 840 G3 hutumia DDR4. Lenovo ThinkPad T480 ina nafasi mbili za kuchomeka memori, lakini ThinkPad X1 Carbon haina hata moja: memori yake imelehemiwa kwenye ubao mama. Anayenunua X1 Carbon ya GB 4 akitarajia kuiongeza baadaye, amenunua GB 4 ya kudumu.

Kwenye Windows 10 au 11, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager; sehemu ya memori huonyesha kiasi kilichopo na nafasi zilizotumika. Njia ya uhakika zaidi ni kufungua mfuniko wa chini, au kwenda dukani na kipande cha zamani.

Wakati wa kufunga, mashine izimwe, chaja na betri vitolewe, na fundi aguse chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli. Kipande huingizwa kikiwa kimeinama, kisha hukandamizwa hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kioo kikibaki cheusi, kitolewe na kirudishwe upya kabla ya kukilaumu.

Mpakani kuna la kukumbuka. Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Memori iliyotengenezwa Korea Kusini au China haihesabiwi humo hata ikinunuliwa Nairobi. Hupita kwa utaratibu wa kawaida wa forodha, na risiti ndiyo inayothibitisha bei yake. Risiti iandikwe aina, ukubwa na idadi ya vipande, na muuzaji aongeze siku za dhamana zinazotosha kufika nyumbani na kujaribu.